Nilivyomuua Dereva wa Sehemu ya Sita

Picha za kupigana sizipendi, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo. Mume wangu anazipenda. Nimempikia, nimemfulia, nimemzalia, lakini kukaa naye chini nitazame watu wazima wenye ndevu wakifukuzana juu ya mapaa ya treni, hilo nilikataa tangu uchumba. Kila mtu ana mpaka wake, na wangu ulikuwa huo.

Ndiyo maana sehemu ya kwanza ya picha iliyomtia wazimu sikuiona. Ya pili ilipotoka nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Ya tatu nilisingizia kichwa. Ya nne na ya tano sikuulizwa hata kuulizwa, maana alishapata mwenzake: Mkongo mmoja, mtu wa Uvira, anayekaa mtaa wa Akalla, mwisho mwingine wa mji, dereva wa basi la mjini kama yeye. Walijuana kwenye gereji ya mabasi, na tangu hapo wakawa pete na kidole. Wakitoka sinema walikuwa wanakuja kwetu Bredäng, mtaa wetu wa huku Uswidi, wanakula wali wangu, wananisimulia nisichouliza. Shemeji, steringi aliruka hivi! Shemeji, adui akaanguka hivi! Nami nawaongezea mchuzi nikisema, "Kuleni, kuleni," ili midomo ijae.

Nilichokijua kuhusu picha hizo nilikijulia hapo mezani. Kwamba kuna steringi, shujaa wao, ambaye hafi hata ukimtupa kwenye tanuri. Na kwamba kuna dereva. Huyo dereva ndiye mume wangu alikuwa anampenda kupita steringi mwenyewe. Hasemi, alikuwa ananiambia, sehemu nzima inaisha hajatamka neno, lakini mpe lori, mpe gari la wagonjwa, mpe treni, ataliendesha. "Na anaangalia vioo," mume wangu alikuwa anasema. "Wengine wote wanakimbiza tu. Yule anaangalia vioo kabla ya kuhama njia."

Basi huyu mtu wa kuangalia vioo akapata presha ya macho. Ilianza kumla pembeni, akawa anagonga milango kwa bega, kisha ikasogea katikati. Siku moja, bila kusukumwa na mtu, alilirudisha basi gereji, akakabidhi funguo, hakupanda tena usukani. Hilo nampa sifa yake yote. Lakini walipomuuliza kulikoni, unajua alijibu nini? Mgongo. Mgongo unamsumbua! Kila aliyepiga simu aliambiwa mgongo. Hata yule Mkongo wake aliambiwa mgongo, naye masikini akaja kutoka Akalla na chupa ya dawa ya kuchua aliyotumiwa na dada yake wa Ubelgiji. Mpaka leo ile chupa ipo bafuni, haijafunguliwa.

Kituo cha wenye matatizo ya kuona walimpa fimbo nyeupe, ile ya kukunja, na mama mmoja wa Kiswidi mwenye subira akamfundisha kuitumia. Akarudi nayo nyumbani, akaisukumia nyuma ya makoti mlangoni, akakaa kwenye kochi. Ndiyo ikawa imetoka. Majani yakaanguka, theluji ikaja, yeye yupo kochini na redio. Nikimwambia twende hata dukani, anasema, "Watu wataniona." Nikamwambia, "Wewe ndiye huoni, wao waache waone." Hakucheka. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaongeza sauti ya redio.

Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na najua mtu mzima anavyoisha. Anaanza na kochi, anahamia kitandani, na siku unayomwambia ainuke, miguu haimsikii tena. Mume wangu hajafika huko kwa umri. Nilitaka atoke nje ya mlango ule, na atoke na fimbo, kabla kochi halijammeza. Sikuwa na ombi jingine kwa Mungu msimu ule.

Ndipo yule Mkongo akapiga simu: sehemu ya sita imetoka, twende Jumamosi mchana. Nilimwona mume wangu uso ukiwaka, kisha ukazima. Akasema ataona mgongo unavyoamka. Alipokata simu akaniita kwa ile sauti yake ya kuomba, ambayo huitumia mara chache sana.

"Mama, wewe utakuja nasi. Utanisimulia."

"Mimi?"

"Tutamwambia wewe ndiye mgeni. Umeamua sasa kuzijua hizi picha. Akituona tunanong'onezana, atajua mimi ndiye ninayekueleza wewe."

Khaa! Yaani mimi, ninayejaza makaratasi ya Kiswidi ya nyumba nzima, ninayebishana na madaktari kwa lugha yao, leo nikae kwenye giza niigize mama asiyeelewa, anayeelezwa na mumewe nani ni nani! "Kwa hiyo mimi ndiye niwe mjinga?" nikamuuliza.

"Mgeni, si mjinga. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nilikuwa na jibu lake, tena lenye pilipili. Lakini alikuwa ameshaanza kupapasa chini ya kochi akitafuta viatu vyake vya kutokea. Nikameza jibu. Siku ilipofika, yeye akiwa chooni, niliichomoa ile fimbo nyuma ya makoti nikaitia kwenye mkoba wangu, chini ya kitambaa. Sikumwambia.

Tulikwenda amenishika kiwiko, kama wachumba. Mkongo alikuwa anatusubiri mlangoni pa sinema na kofia yake ya manyoya na tabasamu la kuonyesha meno yote. "Shemeji! Leo unakuya na sisi? Mungu njo mukubwa!" Hiyo njo yao ni ndiyo yetu. Nikasema ndiyo, nimechoka kuachwa nyuma, nataka kujifunza. Maneno yale yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Mume wangu akanibonyeza kiwiko, ishara ya ahsante, nami nikamrudishia kwa kucha.

Tukakaa, mimi kushoto kwake, Mkongo kulia. Waswidi wameshajipanga kwenye viti vyao vya namba, wamevua makoti, kila mmoja na ndoo ya bisi ambayo ng'ombe angeshiba. Wako kimya kama wako msibani, na picha yenyewe haijaanza! Kisha taa zikazimwa, mlima ukalipuka, na mimi nikaingia kazini.

"Nini kimelipuka?" mume wangu akaninong'oneza.

"Mlima."

"Kwa nini?"

"Nitajuaje? Ulikuwa umekaa vibaya."

Hapo lazima niseme kitu kuhusu hawa watu wanaotengeneza picha za sehemu ya sita. Hawajali kama umeingia leo. Hakuna anayekukaribisha wala kukutajia jina la mtu. Mtu anaingia mlangoni, ukumbi mzima unavuta pumzi, wewe uliyekuja leo unaona tu mwanamke amefungua mlango. Asiyekuwapo na lake halipo.

"Nani kaingia?"

"Mwanamke. Koti jeusi. Kabana nywele kama anakwenda kuosha vyombo."

"Bunduki kaishika mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Haiwezekani! Huyo alizikwa sehemu ya tatu!"

"Basi kafufuka. Tena kapaka rangi ya mdomo."

Akashika kichwa kwa furaha. Na hivyo ndivyo tulivyokwenda: mimi nasema ninachokiona, yeye anasema maana yake. Mimi nasema kuna mzee mwenye kovu anakaanga mayai jikoni kwao, yeye anasema yule mzee aliwachomea nyumba sehemu ya pili. Sasa anawakaangia mayai! Nikauliza walisameheana lini. Akasema sehemu ya nne, wakiwa wananing'inia kwenye helikopta. Jamani. Kwetu watu wakichomeana nyumba hukaa vikao na wazee mpaka wazee wenyewe wanachoka. Hawa wananing'inia kidogo, yameisha, kaanga mayai.

Nilisema hivyo hivyo sikioni mwake. Akanijibu, "Husimulii, unahukumu." Akaanza kunikumbusha vibanda vya video vya ujana wake Morogoro, ambako picha za kigeni zilikuwa na mtafsiri wake, jamaa anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anawasimulia watu kwa Kiswahili kila kinachotokea. "Mtafsiri angekuwa wewe, tungekutoa nje. Yule alikuwa anasema mtu amefanya nini. Hasemi kavaa kama anakwenda kuosha vyombo."

"Mtafute huyo basi," nikamwambia, "aje akusimulie."

Akanishika mkono wangu akauweka pajani kwake, na hakuuachia. Nikaendelea.

Naomba nieleze kosa langu lilivyozaliwa, maana ni kosa la watu kama sisi tu. Miaka yote tuliyokaa mji huu, Kiswahili kimekuwa ndicho chumba chetu. Kwenye treni, kwenye foleni, hospitali, tunaingia humo na kufunga mlango watu wakitutazama. Nimemsengenya mtu akiwa amekaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana. Nimegombana na mume wangu ugomvi mzito katikati ya duka la mboga, na Waswidi wakapita wakitutabasamia. Ukishazoea hivyo, ulimi unasahau. Nilikuwa nanong'ona mlima unapolipuka, na nilikuwa naendelea kunong'ona baada ya mlima kunyamaza, nikiwaogopa Waswidi wa mbele, na wala sikukumbuka kwamba upande wa pili wa mume wangu amekaa mtu aliyenyonya Kiswahili ziwani Tanganyika.

Basi tukafika kwenye daraja. Kila picha ya aina hii lazima iwe na daraja, nimeshajua sasa. Lori la gesi linakwenda kasi, na ndani yake wamo watu wawili wenye upara wanapigana. Mmoja alikuwa ni dereva. Mwingine alikuwa jamaa fulani aliyetokea katikati, na sikujali alitoka wapi. Wote wawili wamejaa masizi, wote wawili upara, wote fulana nyeusi. Nani anawaumba watu hawa? Hamna nywele huko kwao?

"Dereva yuko wapi?" mume wangu akauliza.

"Yuko kwenye lori. Wanapigana. Kapigwa. Kapiga. Kapigwa tena."

"Usukani kashika nani?"

"Hakuna."

"Mungu wangu."

Lori likaruka. Upara mmoja ukatoka mlangoni, ukabingirika barabarani. Lori likaangukia bondeni na upara wa pili, likalipuka kuliko ule mlima. Kisha wakanyamazisha kila kitu, hakuna muziki, hakuna kelele, steringi amepiga magoti kando ya mtu aliyeungua, anamwita ndugu yangu, ndugu yangu. Wote anawaita ndugu yangu, hata mzee wa mayai. Na ndani ya ukimya ule sauti yangu ikatoka wazi, safi, kama tangazo la msikitini:

"Dereva kafa."

Mswidi wa mbele akageuka kutunyamazisha kwa shhh! ndefu. Mkono wa mume wangu ulilegea juu ya wangu. Nilipomtazama kwa mwanga wa ule moto, machozi yalikuwa yanamtoka. Mtu huyu siku aliyorudisha basi gereji hakutoa chozi. Siku daktari alipomwambia hakuna la kufanya, alimshukuru daktari. Sasa analia kwa sababu ya mtu wa upara asiyekuwapo duniani! Nilimkasirikia kwanza, halafu nikaacha kumkasirikia. Nikampa kitambaa cha kwenye mkoba.

Mwishoni mwa picha waliweka meza ya chakula, maana hawa lazima wale. Wamekaa wote, wanamkumbuka marehemu kwa maneno machache ya chini chini. Mwisho wa meza kuna mtu ameinamisha kichwa, amevaa kofia, anakula kimya. Kisha akavua kofia. Akainua uso.

Alikuwa ni dereva.

Yarabi! Mzima kabisa, ana plasta moja tu shavuni. Aliyekufa ni yule upara mwingine, na ndiye waliyekuwa wanamlilia; hata adui kwao ni ndugu. Nilifungua mdomo nimwambie mume wangu, nikaufunga. Ukumbi ulikuwa kimya, Mswidi wa mbele ameshageuza sikio. Na nitasemaje? Samahani baba, nimemuua asiyekufa? Nikajipa moyo kwamba nitamwambia nje, nimvute kando. Dereva mwenyewe hakunisaidia, hakusema hata nipe chumvi. Taa zikawaka.

Sikuwahi kumvuta kando. Tulipofika ukumbi wa nje tu mume wangu akamgeukia mwenzake, upande sauti yake ilikotokea, akasema, "Basi ndugu yangu. Dereva wetu ndiyo hivyo tena. Nilimpenda yule mtu tangu ya kwanza."

Mkongo akasimama. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi. Nilimwashiria kwa macho yote mawili, nikitingisha kichwa, nikimwomba, sijui nilikuwa namwomba nini. Pale ndipo ulipokuwa mwisho wetu, niliona. Atasema, "Dereva gani amekufa?" na mume wangu atarudi kwenye kochi lake, na safari hii hatainuka.

Mkongo akavua kofia yake ya manyoya, akaishika kifuani.

"Eeh, ndugu," akasema. "Mungu amupokee. Alikuwa dereva."

Nikaelewa hapo hapo. Mtu huyu anajua. Alisikia kila neno langu, mlima, vyombo, mayai na yote, na alikuwa anajua hata kabla. Mume wangu ndiye aliyekuwa hajui kwamba anajulikana. Tukatoka nje kwenye giza la saa kumi jioni, maana huku msimu wa baridi jua huzama mapema, barafu chini inang'aa.

Kwenye ngazi za kushukia kituoni mume wangu akapunguza mwendo. Alikuwa akizitafuta kwa ncha ya kiatu. Mkongo akamsogelea.

"Ndugu, unishike kidogo. Goti inaniuma na hii baridi. Tushuke polepole."

Mume wangu akamshika mkono. Wakashuka polepole, mimi nyuma yao na mkoba wangu. Nikamsikia Mkongo akisema kila mara, "Ooh, goti," penye ngazi ya kwanza, na "Haya, imepoa," penye ya mwisho. Treni yake ya kwenda Akalla iko njia nyingine kabisa, mbali huko chini, lakini alikuja nasi mpaka kwenye jukwaa la kwetu, akasimama.

Mume wangu hakumwachia mkono. Alikaa hivyo mpaka treni moja ikaja ikaondoka, na hatukupanda.

"Hilo goti lako," akasema mwishowe, "ni ndugu yake mgongo wangu."

Mkongo akacheka kidogo, puani. "Njo vile."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ulianza kupapasa kiti mbele ya kukaa. Mutu wa mgongo hapapasake kiti, ndugu. Anaikaliaka tu na anapiga kelele."

"Na hukusema."

"Weye ulisema mgongo. Njo nikakuletea dawa ya mgongo."

Mume wangu akainamisha kichwa. Nilidhani analia tena, nikaanza kutafuta kitambaa, nikakumbuka kwamba anacho. Aliinua uso ukiwa mkavu.

"Na dereva?"

"Dereva iko muzima, anakula. Shemeji njo alimuua."

Wakacheka. Walicheka wale watu wawili mpaka wakashikana mabega, mpaka mlinzi wa kituo akatugeukia. Mume wangu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu majani hayajaanguka. Nikawaambia wenye upara wote ni wamoja, wajilaumu wenyewe kwa kupenda upuuzi, na picha yenyewe haikuwa na kichwa wala miguu, mlima umelipuka bure mpaka mwisho hakuna aliyeutaja tena. Nilisema mengi.

Treni ya pili ikawa inakuja, upepo wake ukatangulia. Mume wangu akaachia mkono wa mwenzake, akaninyooshea wake, kiganja juu.

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Fimbo. Nimeisikia ikigongana na funguo zako tangu Bredäng."

Nikaitoa ndani ya mkoba, ikiwa imekunjwa, na mpira wake umeizunguka. Mkongo akanyoosha mkono amfungulie. Nikamzuia.

"Muache," nikasema. "Afungue mwenyewe. Mikono anayo."